Leseni ya kuvua trauti Mlima Kenya: karatasi nyota tano, kaunta nyota mbili

Ninatathmini vitu viwili hapa, na ninaomba msivichanganye. Kimoja ni leseni ya siku ya kuvua trauti, samaki wa maji baridi, katika mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya. Kingine ni kambi ya uvuvi iliyonishughulikia leseni hiyo, ikanilaza usiku na kunipa mtu wa kunionyesha mto. Leseni naipa nyota tano bila kusita. Kambi naipa mbili, na jina lake siliandiki, maana waliokosea ni watu wa kaunta, na mzee aliyetuongoza msituni hastahili kubebeshwa lawama zao.

Mimi ni karani wa chama cha ushirika cha kahawa upande wa Othaya, Nyeri. Kazi yangu kutwa ni mizani na risiti: mkulima analeta kahawa yake, inapimwa, anaandikiwa kilo, anaondoka na karatasi. Akiipoteza, tunasumbuana hadi malipo yatoke. Kwa hiyo nikifika mahali pa kulipa, macho yangu huenda kwenye kitabu cha risiti kabla ya kutazama mandhari. Katika uvuvi huu karatasi ndiyo huduma yenyewe. Ukiwa nayo, mto ni wako hadi jioni. Usipokuwa nayo wewe ni mwizi wa samaki, hata kama ulizaliwa ukingoni mwa mto huo.

Tulikwenda wawili, mimi na binti wa dada yangu, mwanafunzi wa chuo anayesomea ufugaji wa samaki. Tulifika alasiri, manyunyu yakianza, tukamkuta kijana wa kaunta akitazama mpira kwenye simu. Akatutajia jumla moja ya pesa kwa kila kitu, taslimu. Nikamwomba anichambulie: msitu ni ngapi, leseni ni ngapi, kitanda ni ngapi. Akanijibu, "Mzee, hiyo yote ni moja tu." Nikamwambia, "Kijana wangu, kulipa si shida. Nataka kujua ninalipia nini."

Ada ni tatu, na kila mgeni ana haki ya kuzijua. Kuna ya kuingia msituni, kuna ya leseni ya samaki, na kuna ya kambi yenyewe. Chumba kilikuwa shilingi 3,500 kwa usiku na fimbo ya kukodi shilingi 500. Hizi mbili ni pesa za kambi, wapange watakavyo. Zile nyingine ni pesa za umma na lazima ziwe na risiti ya umma. Meneja alipoitwa alikubali, akatuandikia, na nilipolipa kwa M-Pesa ujumbe ukaja papo hapo. Lakini wageni waliotutangulia, baba mmoja na wanawe kutoka Nairobi, walikuwa wamelipa ile jumla moja na kwenda mtoni bila kipande cha karatasi. Walidhani wana leseni. Hapo ndipo nyota moja ya kambi ilipoangukia.

Kwa nini ada zikawa za ofisi mbalimbali? Binti yangu aliniuliza swali hilo tukiwa tunakausha viatu kando ya moto, na tulikaa nalo hadi usiku, maana jibu lake ndilo linaloeleza jinsi mito hii ilivyowekwa mikononi mwa watu fulani na kuondolewa mikononi mwa wengine.

Serikali ya kikoloni haikuutazama mlima huu kama kitu kimoja. Iliukata kwa mistari. Kanuni za misitu za Afrika Mashariki ya Kiingereza zilitoka mwaka 1902, na sheria kamili ya misitu ikaja 1911. Tangu hapo kuni, asali, malisho na mianzi vikawa vitu vya kuombewa kibali. Msitu wa Mlima Kenya ukatangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932. Sehemu ya juu, iliyo karibu na vilele, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1949, na milima jirani ya Nyandarua, waliyoiita Aberdare, ikafuata mwaka 1950. Samaki nao hawakuwekwa chini ya idara ya misitu. Waliwekwa chini ya idara ya wanyamapori, iliyokuwa na afisa wake wa samaki. Mmoja wao, Hugh Copley, alishika kazi hiyo kwa muda mrefu na kuandika mengi kuhusu samaki wa Kenya. Basi leo ukisimama kwenye maji ya mto mmoja, miti ya ukingoni ni ya KFS, shirika la misitu, ukipanda juu zaidi umeingia kwa KWS, shirika la wanyamapori, na samaki aliye kati ya miguu yako ana idara yake. Mipaka ya zamani bado ipo, imebadilishwa majina tu.

Na trauti mwenyewe si mwenyeji. Wenzangu wengi wa Nyeri hawalijui hili, wanadhani Mungu alimweka huko. Aliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, yule mlowezi aliyepata umaarufu kwa safari ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo. Mayai yalitoka Scotland, na mto uliochaguliwa ulikuwa Gura, wa upande wa Nyandarua. Gura ni mto wetu. Ndio ninaousikia ukinguruma chini ya bonde msimu wa mvua, ndio unaopokea maji ya maporomoko ya Karuru, yenye urefu wa mita 273, kabla ya kuja kwetu kwenye mashamba ya kahawa. Trauti wa kwanza alikuwa yule wa rangi ya hudhurungi. Wa upinde wa mvua, anayevuliwa zaidi siku hizi, alifuata kutoka Afrika Kusini mwaka 1910.

Kusafirisha mayai ya samaki wa maji baridi kupitia ikweta si jambo dogo. Waingereza walikuwa wamejifunza namna yake miaka mingi kabla, mwaka 1864, walipofikisha mayai hai Tasmania kwa meli, yakiwa yamefungwa ndani ya kuvumwani na barafu. Kila koloni lililopata samaki huyu lilimtungia sheria: New Zealand ilikuwa na sheria yake ya salmoni na trauti mwaka 1867. Ukizisoma kanuni hizi unaona ni ndugu wa tumbo moja. Gavana ana uwezo wa kutangaza maji fulani kuwa yamefungwa. Leseni inauzwa na ofisi ya wilaya. Kuna msimu, kuna kipimo cha samaki, kuna idadi, kuna faini. Binti yangu alikuwa amepakua nakala za Gazeti Rasmi la zamani, ambazo siku hizi zinapatikana bure mtandaoni, tukazipitia kwenye simu yake. Gazeti hilo lina kila kitu: leseni za pombe, viwanja vya mji, mirathi ya walowezi waliofariki, na katikati yake kanuni za mito. Zote zimeandikwa kwa Kiingereza, zote zimetiwa saini kwa amri ya Mheshimiwa Gavana. Hakuna hata mstari mmoja unaoonyesha kuwa mtu aliyeishi ukingoni aliulizwa.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu watu wetu. Agikuyu wa zamani hawakula samaki. Kwa hiyo siwezi kusema leseni ilimnyang'anya babu yangu kitoweo. Ilichomnyang'anya ni njia. Ukingo wa mto ni mahali pa kunywesha mbuzi, pa kukata matete, pa kuvuka kwenda kwa wakwe. Mto ulipofanywa maji ya trauti ndani ya hifadhi au ndani ya shamba la mlowezi, kila aliyeonekana ukingoni bila sababu iliyoandikwa alikuwa mshukiwa. Babu mzaa mama alifanya kazi kwa mlowezi upande wa Naro Moru. Jumapili alibeba kikapu na wavu wa mkono nyuma ya bwana wake. Hakuwahi kumwonja samaki hata mmoja. Kitu kimoja alikisimulia hadi uzeeni: yule mzungu alikuwa na kijiti kilichochongwa alama, akimtoa samaki anamlaza juu yake, asipofika kwenye alama anamrudisha majini polepole, akimshikilia hadi apate pumzi. Babu alisema hajawahi kuona mtu akikihurumia kitu kidogo kiasi hicho, na mtu huyohuyo alikata mshahara wa siku tatu kwa sababu ya ndama aliyepotea.

Mlowezi alikuwa na leseni mfukoni, karatasi aliyoinunua kwa hiari ili afurahi. Babu alikuwa na kipande shingoni, ndani ya kibati, karatasi aliyolazimishwa kubeba kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kazi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wote wawili walisimama kwenye maji yaleyale.

Halafu ikaja Hali ya Hatari. Mwaka 1953 misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ilitangazwa eneo lililokatazwa, na aliyekutwa ndani yake aliweza kupigwa risasi. Watu wa vijijini walichimbishwa kwa lazima handaki refu kando ya msitu ili kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau na chakula. Dedan Kimathi, kiongozi wao, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, pembezoni mwa msitu wa Nyandarua, si mbali na mji wa Nyeri. Mito waliyokunywa wapiganaji usiku ndiyo iliyokuwa kwenye orodha ya mito ya leseni. Sisemi haya ili mtu aione aibu kuvua huko. Nasema ili anayeuza leseni hiyo leo ajue anauza nini, na kwa nini mtu wa Nyeri anayeinunua kwa mara ya kwanza anastahili kupokewa vizuri kuliko tulivyopokewa sisi.

Sasa turudi kwenye huduma.

Nyuma ya mlango wa kaunta kulikuwa na karatasi ya masharti iliyobandikwa kwa pini, imefifia kwa jua hadi mistari ya chini haisomeki. Kiingereza kitupu. Niliomba ya Kiswahili, hakuna. Niliuliza kama wanaweza kunisomea, kijana akasema mzee atatueleza huko mbele. Na kweli mzee alieleza, tena vizuri kuliko karatasi yoyote. Fimbo moja kwa mtu mmoja. Nzi bandia pekee, yaani ndoana iliyofungwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu; hakuna mnyoo, hakuna unga, hakuna nyama. Samaki mdogo anarudi. Ukifikisha idadi yako umemaliza. Usiku hakuna kuvua. Masharti haya yana umri mrefu. Sheria ya uvuvi ya 1989 iliyakuta, na ya 2016 nayo ikatukuta tungali na nzi bandia.

Kuna watu wanaolalamika kwamba sharti la nzi bandia ni madaha ya kizungu tuliyoachiwa. Mimi nimefikia kulitetea, na sababu nilionyeshwa kwa vidole. Mzee alichukua ndoana mbili. Alisema samaki akimeza mnyoo anaumeza kweli, unashuka hadi tumboni na ndoana pamoja, na ukimtoa unatoa matumbo. Huyo hata ukimrudisha amekufa. Nzi bandia samaki anamdaka kwa mdomo, anagundua si chakula, anataka kumtema, na ndoana inamshika hapohapo kwenye ukingo wa mdomo. Unamfungua kwa vidole viwili na anaondoka mzima. Kwa hiyo huwezi kuwa na sharti la kurudisha wadogo bila kuwa na sharti la nzi. Mlowezi alilitunga kwa ajili ya starehe yake, lakini linafanya kazi, na mto mwembamba wenye samaki wachache hauwezi kustahimili chambo.

Nzi wa mzee walikuwa kwenye kopo la mafuta ya ngozi lililopigwa sponji ndani. Majina yao ni ya kigeni na anayataja kama majina ya ng'ombe wake: Coachman, Mrs Simpson, Kenya Bug. Huyo wa mwisho ni mweusi, mnene, hana uzuri wowote. Ndiye tuliyefungiwa asubuhi hiyo. Aliulowesha uzi kwa mate kabla ya kukaza fundo, kwa sababu, alisema, uzi mkavu unajikata wenyewe kwa joto la msuguano. Kisha akavuta mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi, akilitazama fundo tu.

Mto wenyewe ni mwembamba, sehemu nyingine ungeuruka. Maji yanapita kati ya mawe meusi yenye ukoga, juu kuna mianzi, na mbega wanapita kwenye miti ya podo bila kujali mtu. Askari wa msitu alitangulia na bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Hilo si pambo la kitalii, tulikuta kinyesi cha tembo kingali kinafuka mvuke. Maji ni baridi kiasi kwamba vifundo vya miguu vinauma kwa dakika chache kisha vinakufa ganzi. Trauti anataka baridi hiyo. Maji ya vuguvugu hayabebi hewa ya kumtosha, ndiyo sababu huwezi kumkuta chini kwenye mpunga wa Mwea ingawa maji yanayofika Mwea yanatoka mlima huuhuu.

Kurusha mshipi chini ya miti si kama unavyoona kwenye video za watu wanaovua kwenye mito mipana. Nafasi ya kuzungusha fimbo nyuma haipo. Mzee alitufundisha kuukunja ufito kwa kushika nzi mkononi na kuuachia kama manati. Binti yangu alilipata mapema. Aliingia nyuma ya jiwe kubwa, akapiga goti, akamtupia nzi pale maji meupe yanapotulia na kuwa meusi. Mshipi ukasimama. Sijui neno jingine. Kila kitu mtoni kinatembea, kisha kitu kimoja kinasimama. Akanyanyua fimbo, ikapinda, na samaki akaruka nje kabisa, ubavu wake una mkanda wa waridi kutoka shavuni hadi mkiani, madoadoa meusi mgongoni kama pilipili manga iliyosagwa. "Mjomba, wavu!" Nilikuwa tayari nimeingia majini hadi magotini.

Mzee alikuwa na kijiti chenye alama. Hakuwa amenisikia nikisimulia habari za babu. Alimlaza samaki juu yake, akaonekana amezidi alama kidogo, akamtazama binti. "Ni wako, mama. Chukua au achia." Akamwachia. Aliyefuata tulimchukua.

Kabla ya adhuhuri mlinzi wa mto alitukuta akaomba leseni. Nilifurahi. Nilimpa karatasi zangu zote tatu, akazisoma moja moja, akaandika namba kwenye daftari, akahesabu samaki, akatutakia siku njema. Hakuomba "chai". Nyota tano za leseni zinatoka hapo: ni karatasi inayoheshimiwa na aliyetumwa kuikagua. Lakini bondeni aliwakuta wale wa Nairobi, hawana karatasi, na watoto wana kopo la minyoo waliyouziwa getini kwa kambi. Waliambiwa watoke mtoni. Yule baba alikuwa amelipa kama sisi. Watoto walilia. Nililaumu kambi siku ile na ninailaumu leo: kumuuzia mgeni chambo kilichokatazwa na kumficha risiti ni kumweka mtegoni, na mtego huo unawaangukia zaidi Wakenya wanaokuja mara ya kwanza, kwa sababu mgeni wa ng'ambo huja na wakala anayejua masharti.

Nitaje pia kwamba si kila kanuni ya samaki ya enzi ile ilitungwa kwa ajili ya fimbo ya mlowezi. Kule Ziwa Victoria, Michael Graham alifanya uchunguzi mwaka 1927 na 1928, akaona ngege, aina ya tilapia, anapungua kwa nyavu za macho madogo, akapendekeza nyavu zisizopungua inchi tano. Huko suala lilikuwa chakula cha maelfu ya familia, na wavuvi wa Kijaluo walikuwa na la kusema hata kama hawakusikilizwa vya kutosha. Ukilinganisha unaona tofauti: ziwani kanuni ilimlinda samaki ili aendelee kuliwa na watu wengi, mlimani ilimlinda ili aendelee kuvuliwa na wachache. Ya mlimani ndiyo tunayopaswa kuifungua sasa, na kuifungua hakuhitaji kufuta sharti hata moja. Kunahitaji karatasi ya Kiswahili na ya Kikuyu ukutani, bei iliyoandikwa, na kijana wa kaunta aliyefundishwa.

Chakula cha kambi: kibaya, nipite haraka. Wali ulikuwa umeshikana, kabichi imechemshwa hadi imepoteza rangi. Godoro lilikuwa na unyevu. Maji ya moto yalikuja, hilo nakiri, mtu aliamka alfajiri kuwasha kuni.

Samaki tulimpika wenyewe. Trauti hana magamba ya kukuparuza, ukimpasua tumbo na kusugua ule mstari wa damu kando ya uti wa mgongo kwa ukucha, amekwisha. Binti alimpaka chumvi na limau, akamweka kwenye sufuria ya chapati na mafuta kidogo, ngozi chini. Nyama yake ni ya rangi ya chungwa hafifu na inaachana na mfupa yenyewe. Mama yangu, ambaye hadi leo hamgusi samaki, alituuliza kwenye simu kama tumekula "nyoka wa maji". Lakini wajukuu wake wanakula. Mwaka 2009 serikali ilipoanza kuchimba mabwawa ya samaki katika maeneo bunge mengi, majirani zetu kadhaa walipata, na tilapia akazoeleka mezani Nyeri. Watoto waliozaliwa tangu wakati huo hawaoni ajabu. Hao ndio wanaopaswa kuijua leseni hii.

Tukirudi tulipitia kituo cha serikali cha kutotolesha trauti cha Kiganjo, kilichopo tangu 1948. Ukiwa na mtoto, mpeleke huko kabla ya mtoni. Mabwawa ya saruji yamepangwa kwa ngazi, maji ya mto yanaingia juu na kutokea chini bila pampu, na vifaranga wanajipanga wote wakielekea maji yanakotoka. Binti yangu alisimama hapo muda mrefu akiuliza maswali ya chuoni, na alijibiwa kwa subira. Kituo kilianzishwa ili kujaza mito ya walowezi. Leo mkulima wa kawaida anaweza kufika pale kutafuta vifaranga vya bwawa lake, mradi ana maji baridi yanayotiririka.

Kinachonitia wasiwasi ni maji yenyewe. Upande wa Naro Moru na Burguret mito inakauka sehemu za chini miezi ya kiangazi kwa sababu ya mabomba yanayochota juu, na barafu ya mlima inazidi kupungua. Leseni inampa mtu haki ya kumvua samaki, lakini haimpi samaki haki ya maji. Mlinzi yule aliyekagua karatasi zetu alisema anahesabu mabomba kuliko anavyohesabu fimbo.

Kwa anayetaka kwenda: Januari na Februari maji ni safi na unamwona samaki. Baada ya mvua ya masika kuanza mto unageuka chai ya maziwa na nzi bandia haonekani, usipoteze pesa. Vaa viatu vya raba vyenye meno, si gambuti, gambuti zikijaa maji huwezi kutembea. Nunua nzi wako mjini au kwa mzee, usikubali chochote kinachojikunja ndani ya kopo. Dai risiti ya msitu, ya leseni na ya kambi kila moja peke yake, na usome tarehe. Leseni ya siku inakwisha jioni ya tarehe iliyoandikwa, kwa hiyo ukifika alasiri kama sisi, mwambie karani aandike ya kesho.